Bolti Nne Zisizo na Nati

Saa mbili na dakika tano asubuhi, ndege ndogo ambayo Mwalimu aliiunda gerejini kwake kwa miaka sita iliinua pua, ikazidi kuiinua, ikakaa kama inayoning'inia hewani, kisha ikaanguka kwa ubavu mwisho wa uwanja. Alikuwa peke yake ndani. Mkaguzi wa ajali alipofika saa nne, mzee huyo mstaafu alikuwa chumba cha upasuaji, na askari wa kituo alishampata mtu wake.

"Ni mkewe," alisema. "Ndiye aliyepanga mizigo. Na mtaa mzima unajua hakutaka mumewe aruke."

Mkaguzi, mwanamama mfupi ambaye wenzake walimwita Rula kwa kupenda kwake kupima, alikuwa ameshaelekea kwenye mabaki. Alipiga magoti penye kichumba cha mizigo nyuma ya kiti. Kila kitu kilikuwa kimeserereka hadi mkiani, na uzito ukihamia huko, rubani hana la kufanya. Mikanda ilikuwa mizima, vifungo vimefungwa. Bolti nne zilizoishikiza sakafuni ndizo zilizochomoka.

Alipitisha ukucha kwenye meno ya bolti moja. Yalikuwa makali, hayana mchubuko. Nati iking'olewa kwa nguvu huyasaga meno. Hizi zilifunguliwa kwa spana, kutokea chini ya ndege, huku mikanda ikibaki juu inaonekana imekaza.

Alifika hospitali saa sita na nusu. Mke wa Mwalimu alikuwa kwenye benchi la ukumbini, ameshika viatu vya mumewe mapajani.

"Mama, nani alifunga mikanda ya mizigo?"

"Tulifunga wote wawili. Mabegi mawili na hema. Akaenda ofisini kujaza karatasi za safari, nikaona kasahau sanduku lake la zana. Nikalipenyeza chini ya mkanda. Saa moja na robo hivi. Sikumwambia hata yeye." Aliinua macho. "Mwanangu, niambie ukweli. Ni lile sanduku?"

Mkaguzi alitamani kusema hapana. Akafungua daftari kwanza.

"Umemwambia mtu yeyote habari za sanduku?"

"Nimwambie nani? Tangu asubuhi nipo hapa."

"Na nati za chini ya sakafu?"

"Nati gani?"

Simu ikaita. Alikuwa askari: angekuja kumchukua mama huyo saa tisa.

Saa nane kasorobo mkaguzi aliingia karakana ya fundi wa vyuma, rafiki aliyeunda ndege ile pamoja na Mwalimu. Fundi alikuwa anapiga msasa bomba lililokwisha kung'aa.

"Anaendeleaje?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado hatujui. Uliondoka uwanjani saa ngapi?"

"Saa moja kamili. Nilijaza magurudumu upepo nikaja zangu kufungua kazi. Hata kuruka kwake sikukuona."

"Na mizigo ilikuwa mingi?"

"Mwalimu hajui kupunguza. Mabegi, hema, na lile sanduku la zana. Chuma tupu."

Mkaguzi aliandika, akaweka kalamu chini.

"Sanduku liliingia saa moja na robo. Mwenye ndege mwenyewe hakujua limo. Nililitoa mimi kwenye mabaki, nikalifungia garini. Wewe uliliona wapi?"

Msasa ukasimama. Fundi alikaa juu ya ndoo, taratibu, kama mtu anayeumwa mgongo.

"Nilikuwa chini ya ndege," alisema. "Nikamsikia shemeji akilisukuma. Nikachungulia."

"Kwa nini?"

"Mabawa yale ni mikono yangu. Juzi akanionyesha cheti cha ndege. Penye mjenzi pana jina moja, lake. Akasema nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu, nisichukie. Nikacheka naye."

"Ukaamua kumuua."

"Nilitaka aaibike. Uwanja ule una mashimo. Nilijua mizigo itahama akiwa bado chini, asikie kishindo, azime injini, watu wamcheke. Haikuhama." Aliuweka msasa sakafuni. "Nikatoka nyuma ya banda nikakimbia, nikimpungia mikono yote miwili asimame. Aliniona, mama mkaguzi. Akanipungia na yeye."

Mkaguzi alimpigia askari aje karakana, si hospitali. Kisha akampigia mke wa Mwalimu.

"Mama, si sanduku. Wewe huna kosa."

Upande wa pili alisikia kilio cha chinichini, halafu pumzi ndefu.

"Amefumbua macho," mama alisema. "Anamuulizia fundi wake. Anasema alikimbia uwanja mzima kuja kumuaga. Uko naye hapo? Mwambie anaitwa."