Jicho la Omena

Jumamosi ile haikuwa na kasoro. Nasema mapema kwa sababu watu wa Nyalenda wakisimulia mkasa huu hupenda kuuanza na bundi juu ya paa. Hapakuwa na bundi. Palikuwa na jua, foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji, na Debra, mtoto wa mama yangu mdogo, akielekea mjini kununua kamera huku amenuna tangu alipoamka.

Alikuwa na haki ya kununa. Nyanya yetu, Dani Ajwang, ndiye aliyemlea, na miaka yote hiyo alikuwa akikaanga samaki mlangoni pa chumba chake bila mtu kulalamika hata mwiba. Halafu kampasi ikafungwa, Debra akarudi nyumbani, na wateja wakaanza kuugua matumbo. Tumbo linajaa, linakaza kama ngoma, hospitali inapima na haioni kitu. Mtaa ukapata jibu kabla ya daktari. Sihoho. Jicho baya, lile la kumwangalia mtu akila mpaka chakula chake kikwame chini ya ngozi, na kisitoke mpaka aitwe mtu wa kukitoa.

Sasa niambie. Choo kinafurika kando ya mfereji wa maji, mafuta yanakaangiwa mpaka yanakuwa lami, na watu wazima, wenye akili zao, wanaona kosa liko kwenye macho ya mama mzee. Na kila mara ni mwanamke. Kila mara hana mume. Kila mara ana chumba ambacho mtu mwingine anakitaka. Mwenye nyumba, Mzee Oduor, alishatoa tangazo lake: Jumapili baada ya ibada mtoaji ataitwa, na akitoa kitu kwenye tumbo la mgonjwa yeyote aliyekula kwa Ajwang, Ajwang ahame.

Debra hakulia. Debra ni mtu wa mdahalo. Akikasirika hutafuta ushahidi. Alijua mtoaji hana uchawi wowote, ana kucha ndefu tu zilizofichiwa makombo. Husugua, hubana, hudondosha, na kwa kuwa mambo hayo ni madogo na ya haraka, jicho la mtu haliyakamati. Simu yake pia haikuyakamata. Kila alipoisogeza karibu na ngozi ilimpa ukungu. Akachukua pesa alizoshinda kwenye mashindano ya mdahalo, akaenda.

"Nataka ya kupiga kitu kidogo," alimwambia muuzaji, kijana anayeitwa Owiti.

"Kama siafu?"

"Kidogo kuliko siafu. Tundu la jasho."

Owiti akacheka. "Madam, wewe unasomea nini huko?"

"Sheria. Hii ina megapikseli ngapi?"

"Wachana na megapikseli. Kila mtu akiingia hapa ananiuliza megapikseli kama bei ya sukari. Niulize inakaribia kiasi gani."

Akamwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na lenzi ya kuchomoza. Hiyo, alisema, inavuta: unasimama mbali, kitu kinakuja kwako, mdudu hajui hata kama umefika. Ya pili ilikuwa ndogo, nene, inaenea mfukoni, na lenzi yake imezungukwa na pete ya vitaa vyeupe.

"Hii haivuti. Hii inaenda. Inaenda mpaka inabaki upana wa ukucha. Sasa ukikaribia hivyo unajizibia mwanga mwenyewe, ndiyo maana wameweka hizi taa."

"Watu wanapenda gani?"

"Ya mbali. Wengi hawapendi kukaribia sana."

Debra alichukua ya kukaribia. Ukipiga kutoka mbali, alijiambia, mpinzani atasema hukuona vizuri.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, aliijaribia kwa Dani. Aliyekuwa akila ni Naswa, jirani yao, ambaye hufua nguo za watu Milimani. Alikuwa na ugali na sahani ya omena, wale samaki wadogo wa ziwani wanaokaangwa na vichwa vyao. Debra alitaka kujua chombo chake kinaonaje chembe ya chakula, ili kesho asibabaishwe.

"Naswa, ngoja kidogo usile."

"Mimi niko njaa tangu asubuhi, halafu chakula yangu ikapoe ikipigwa picha? Imekuwa bibi harusi?"

"Dakika moja."

Haikuwa dakika moja. Alishuka na kamera mpaka lenzi ikakaribia kugusa samaki. Akapiga omena mmoja baada ya mwingine. Kila jicho, dogo kama mbegu ya mtama, lilijaa skrini nzima likiwa na kipete cheupe cha taa ndani yake. Alisahau kwamba kuna mtu anasubiri.

"Umebakisha ya kula," Naswa akauliza, "ama umeshaimaliza na macho?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Dani hakucheka. Alisema tu, polepole, kama mtu anayezuia mtoto asianguke kisimani, "Nyakwara, mjukuu wangu, inatosha."

Asubuhi tumbo la Naswa lilikuwa limejaa na kukaza.

Kwa hiyo mtaa ulimpata mgonjwa wake, na mtoaji akaja, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole anayeitwa Nasipwondi. Debra alisimama mbele ya watu waliotoka kanisani, akawawekea masharti kama anavyowekea upande wa upinzani. Mtoaji akatwe kucha zote. Aoshwe mikono kwa sabuni mbele ya watu. Asitumie dawa wala kitambaa. Chumbani waingie wanne tu: mgonjwa, mtoaji, Dani na yeye mwenyewe na kamera. Mlango ufungwe kufuli kutoka nje, ufunguo akae nao Mzee Oduor, ili mtu asije akasema kitu kimepenyezwa. Na picha ndizo ziwe hakimu.

"Zikionyesha hila, mtamwomba nyanya yangu msamaha hapa hapa. Zisipoonyesha, tutahama bila kelele. Mmekubali?"

"Tumekubali," wakasema.

"Sijasikia."

"Tumekubali."

Kufuli likalia.

Mle ndani mlikuwa na joto la mabati ya mchana. Dirisha lilikuwa moja, dogo, la wavu wa chuma. Naswa alilala chali mkekani akiwa amefumba macho. Nasipwondi alipiga magoti, akaweka viganja vitupu tumboni, akaanza kusugua. Debra alijilaza kando yake, kiwiko sakafuni, taa zikiwaka, lenzi upana wa ukucha kutoka kwenye ngozi.

Kwenye skrini aliona vinyweleo vikubwa kama mabua. Aliona matundu ya jasho yakimeta. Hakuona kombo hata moja. Nasipwondi alisugua, akasugua tena. Hakuna.

Debra akaanza kutabasamu.

Naswa akaguna.

Tundu moja likapanuka. Lilipanuka taratibu, kama mdomo wa mtu anayetaka kukumbuka jina. Kitu cheupe kikachungulia. Kikasukumwa. Kikatoka. Ilikuwa chembe ya ugali, na ilikuwa na unyevu.

Mikono ya Nasipwondi ilikuwa imesimama. Haikuwa ikigusa chochote.

Likafunguka tundu la pili. La tatu. Ngozi ilikuwa ikifanya kazi peke yake, na Debra alikuwa akipiga picha, kwa sababu kidole kilikuwa kimesahau kuacha.

"Si mimi," Nasipwondi akanong'ona.

"Endelea."

"Msichana, sikia. Mimi huwa naweka chini ya kucha. Mungu anisamehe, wote huwa tunaweka. Leo umenikata kucha." Akanyoosha vidole vyake vitupu. "Hii si mimi."

Alirudi nyuma kwa magoti mpaka mlangoni, akausukuma. Mnyororo ukalia.

"Mzee, nifungulie."

"Mpaka picha ziwe tayari," Mzee Oduor akajibu kutoka nje. "Sheria si yangu. Ni ya Debra."

Watu wakacheka kidogo huko nje. Ndani hakuna aliyecheka. Pale karibu na kitovu, ngozi ilikuwa imevimba upele. Upele ukapasuka bila damu. Kikatokea kichwa cha omena.

Kizima. Kimekaangwa. Na jicho.

Debra alipiga. Akaikuza picha kwenye skrini. Ndani ya jicho palikuwa na pete nyeupe ya vitaa. Bila shaka, akajiambia, ni taa zangu zinajirudisha. Akazizima. Akapiga tena.

Pete ilikuwepo.

Akafunika lenzi kwa kiganja, akafunua, akapiga kwa mwanga wa dirishani tu. Pete ilikuwepo. Ilikuwa imekaa mle ndani, imekauka pamoja na jicho, pale pale ilipokuwa Jumamosi kwenye sahani.

Alihisi mkono begani. Dani alikuwa amepiga magoti nyuma yake akitazama skrini, wala hakuonekana kushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Debra kuliko kichwa cha samaki.

"Futa," Dani akasema.

"Dani, mimi nilikuwa napiga picha tu."

"Na kabla ya kamera? Wale wengine? Ulikuwa unakaa wapi walipokuwa wakila?"

Debra alijua alikuwa akikaa wapi. Alikuwa akikaa kwenye benchi, mbele yao, akitetea hoja, akiwakazia macho mpaka wakubali.

"Mama yangu alikuwa nayo," Dani akanong'ona. "Mimi iliniruka. Nilikuona nayo ukiwa mtoto, nikaomba nimekosea."

"Tunaweza kusema ni..."

"Ni nini?"

Debra akatafuta. Huyu ndiye msichana aliyewahi kuwanyamazisha maprofesa. Alitafuta kila pembe ya hoja yake, na kila pembe alikuwa amejenga ukuta kwa mikono yake. Kusema mtoaji ni tapeli? Kucha zimekatwa, alihakikisha mwenyewe. Kusema vimepenyezwa? Mlango umefungwa, alidai mwenyewe. Picha ni hakimu, na walikubali kwa sauti, mara mbili. Akizitoa bila maelezo, Dani anahama. Akieleza ile pete, anahama yeye, na jina litamfuata kampasi, mahakamani, mpaka kwenye meza ya mume kama atampata. Kulikuwa na njia mbili tu za kutoka mle chumbani, na zote zilipita juu ya mtu.

"Debra," Mzee Oduor akaita. "Tunangoja."





Dani akaishika kamera mkononi mwa Debra, akamwonyesha kitufe cha kufuta kwa kidole, akamngoja abonyeze. Debra akabonyeza. Kisha Dani akajifunga leso yake vizuri, akaenda akagonga mlango mara moja.

"Oduor, fungua. Msihangaike na picha. Ni mimi."

Kufuli likafunguka. Mwanga ukaingia. Debra alisimama nyuma ya nyanya yake, kamera kifuani, na watu wote wakamtazama usoni wakisubiri apinge, maana Debra hupinga kila kitu.

Hakupinga.

Dani alihamia Ahero kwa mwanawe, mjomba Okinyi, alikosuka jamvi na kufukuza ndege kwenye mpunga. Naswa akapona. Debra alirudi hosteli kabla kampasi haijafunguliwa, akawa anakula peke yake, na wateja wa samaki Nyalenda hawakuugua tena. "Mmeona?" mtaa ukasema. Debra ilibidi alisikie hilo na anyamaze. Kamera aliirudisha dukani. Owiti alipomuuliza ina kasoro gani, alisema inakaribia kupita kiasi.

Majuzi mjomba Okinyi alimtumia picha kwenye simu. Aliipiga mwenyewe, adhuhuri, uani. Dani ameketi kwenye kigoda, sahani ya wali mapajani, anatazama kamera na anacheka, pengo lake likionekana. Debra hakuwa amemwona tangu siku ile. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaikuza picha ili amwone vizuri. Akaona macho. Akaona mikunjo ya shavu. Akateremka shingoni, mkononi, akaona vidole vimeshika tonge. Akaona punje za wali, moja moja.

Akaitupa simu kitandani.

Ikalia pale pale. Alikuwa Okinyi.

"Debra, umempigia Dani sasa hivi?"

"Hapana."

"Amesukuma sahani. Hataki kula, hataki kusema. Anasema tu uambiwe inatosha."

Mjomba alipokata simu, Debra aliifungua picha ili aifute. Hakuifuta. Alinionyesha mimi, na ninaandika nilichokiona. Ua ni ule ule. Kigoda ni kile kile. Okinyi anaapa kwa jina la baba yake kwamba alimpiga picha mama yake akicheka.

Kwenye picha iliyoko kwenye simu ya Debra, Dani ameketi ametupa kisogo, akiutazama mpunga. Unaona fundo la kitambaa chake na mgongo. Sahani inachungulia kando ya paja, ameifunika kwa mkono.