Gauni la Zimamoto

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe nane, saa saba mchana, mlangoni kwa binti yangu.

"Baba, mgeni wako umemtoa zimamoto?"

Alidhani ananong'ona. Msusi, mchumba wangu, alisikia. Alikuwa nyuma yangu, gauni jekundu linapiga kelele, nywele rangi ya karoti, uso umepauka kama mtu aliyetoka kulazwa.

Chakula tulikula. Msusi akanawa, akaaga, akaondoka bila kunitazama.

Mimi sikusoma, ila nauza vitambaa na rangi nazijua. Lawama ni za wakubwa wa soko. Walituhamishia chini kabisa, kusiko na dirisha, wakatufungia taa ndefu nyeupe, eti maendeleo. Ofisi zao ziko juu, zina jua mpaka wanaliwekea mapazia! Kule kwetu nyekundu kali inaonekana damu ya mzee, ile ya kiza, imetulia. Hiyo ndiyo niliyomkatia Msusi akatambulishwe kwa mwanangu.

Kibanda chake kinatazamana na changu. Tangu mke wangu afariki, ndiye wa kwanza kuniuliza kama nimekula.

Jioni nilimpigia, hakupokea. Ukaingia ujumbe:

"Muuza vitambaa mzima hujui kinachonifaa? Au ulitaka mwanao anikatae, wewe upate pa kutokea?"

Nikajibu: "Ni zile taa."

"Taa ndizo zilizonichumbia?"

Kesho yake akageuza kiti, akanipa mgongo. Nikatazama kile kisogo cha karoti mpaka nikasema liwalo na liwe. Nikatupia vitambaa begani, nikabeba kioo chake kikubwa, nikapanda ngazi.

"We mzee! Kioo changu!"

"Kifuate!"

Alikifuata akifoka. Mlango wa nje, mlinzi akatuzuia.

"Biashara hairuhusiwi hapa. Amri ya meneja."

"Mwambie meneja hii si biashara, ni ndoa inavunjika."

Mlinzi akapisha.

Juani nikamshikia Msusi ile nyekundu chini ya kidevu.

"Tazama uso, usitazame kitambaa."

Midomo ilipotea. Chini ya macho pakaingia kivuli.

"Nimezeeka," akasema polepole.

"Hujazeeka. Kinakumeza."

Nikaweka kijani iliyokolea. Yeye ni maji ya kunde. Uso wote ukaamka, macho yakang'aa.

"Ehee! Hiyo hapo, dada!" mlinzi akadakia.

Msusi alitaka kucheka, akajizuia.

"Kwa hiyo umekubali kosa ni lako."

"La taa. Na hizo nywele, nani alikuchagulia?"

Akasogelea kioo, akazishika.

"Kule chini ilikuwa kahawia," akasema. "Kahawia kabisa, kama kahawa." Halafu akashika mdomo. "Mungu wangu! Na wateja wangu wa wiki nzima! Nimejaza karoti mjini!"

Hapo ndipo tulipocheka, mpaka mlinzi akaegemea ukuta. Simu yangu ikaita. Binti.

"Baba, sijalala vizuri. Yule mama yuko wapi? Nipe nimwombe radhi."

Nikampa.

"Mama, nisamehe. Mdomo wangu haunaga breki."

"Yameisha, mwanangu. Hata mimi ningejiita zimamoto."

Alipokata simu nikaona ndiyo nafasi.

"Basi tupange siku ya ndoa."

Alikuwa anatazama shati langu jeusi. Mengine nyumbani ni meusi vilevile.

"Simama hapa kwenye kioo," akasema.

"Mimi wa nini?"

"Simama, baba."

Akachukua kipande cha samawati, akanishikia kidevuni. Vidole vyake vilinuka mafuta ya nywele.

"Tazama uso, usitazame kitambaa."

Nikatazama. Kwenye kioo alikuwepo mwanamume ambaye sijamwona tangu mke wangu afariki. Nikatafuta wa kumlaumu, wakubwa wote walikuwa juu kwenye mapazia yao.

Msusi hakuondoa kitambaa.

"Siku hiyo mimi nitavaa kijani," akasema kwa upole. "Lakini siolewi na mtu aliye msibani. Wewe, hiyo nyeusi, utaweza kuivua?"