BWANA YANGU ALIFUNGA MASHINI YETU KWA SABABU YA NDAGALA

"Papa Bienfait! Ni mimi! Ni mimi bibi yako!"

Hakugeuka.

Alikanyaga gunia ya unga yangu na kiatu, katikati ya soko ya Baraka, bamama bote banatazama, akapaza sauti:

"Kamateni yote! Hii chakula ni hatari kwa batoto!"

Bandugu... huyo mwenye alikanyaga ni bwana yangu wa ndoa. Wa kanisa! Wa pete! Asubuhi ile ile nilipiga pasi shati yenye alivaa, tena nikamukumbusha asisahau kalamu yake.

"Papa Bienfait, umelewa?"

"Madame, usinisumbue kazini."

Madame! Mimi mwenye namukatia kucha za miguu!

Naitwa Dorothée. Ukifika Lweba, kijiji yetu kando ya ziwa, uliza tu Mama Bienfait, watakuonyesha. Mimi na bamama wenzangu tunasaga unga ya uji ya batoto. Mahindi, soya, na ndagala, wale samaki badogo ba ziwa. Tunawakausha vizuri, tunawakaanga kidogo, tunasaga yote pamoja.

Siyo kitu ya ajabu. Lakini ile uji inasimamisha mutoto.

Muulize Suzanne, mwenzangu kwenye mashini. Mujukuu wake Divine alivimba miguu, nywele zikageuka nyekundu, akaacha hata kulia. Kwa poste de santé, zahanati yetu, bakamwambia mutoto anahitaji chakula ya kujenga mwili. Akaanza uji yetu. Polepole, polepole... siku moja tukamuona anakimbiza kuku ya jirani. Suzanne alilia mpaka akakaa chini.

Sasa bwana yangu, chef, mukubwa wa biro ya chakula ya serikali, anasema uji ile ni hatari.

Na magunia yetu yalipakiwa kwenye gari gani? Gari ya kiwanda ya Patrice!

Patrice mnamujua hata kama hamumujui. Kila muji iko na wake. Tumbo mbele, simu mbili mkononi, na yeye pia anatengeneza unga ya batoto. Pakiti inang'aa, picha ya mutoto munene juu yake. Ndani, mahindi na sukari.

"Mbona gari ya kiwanda inabeba vitu vya serikali?" nikauliza.

"Serikali haina gari," bwana yangu Norbert akajibu bila aibu. "Papa Patrice ni partenaire, tunashirikiana."

Wakatoka hapo, bakaenda moja kwa moja Lweba, bakafunga mashini yetu. Kufuli kubwa, na karatasi nyekundu ya serikali juu ya mlango. Suzanne alikuwa ndani anachekecha soya. Bakamutoa na unga mikononi.

Jioni bwana alirudi nyumbani. Eti anauliza chakula iko wapi!

Nikamukalisha.

"Papa Bienfait, nielezee. Kosa yetu ni nini?"

"Ndagala."

"Ndagala?"

"Kamati imeandika sheria mupya. Unga ya batoto haiwezi kuwa na samaki. Samaki inaoza."

"Wewe ulikomaa kwa kula nini ukiwa mutoto? Nyama ya ng'ombe?"

Akafungua kifungo ya shati.

"Nani iko kwenye hiyo kamati?"

"Serikali... na watengenezaji."

"Sisi pia tunatengeneza. Tulialikwa lini?"

"Ninyi hamuna kiwanda, Mama Bienfait. Muko na mashini."

"Na mulikaa wapi kuandika?"

Akaangalia viatu vyake.

"Kwa kiwanda ya Patrice. Kwetu kwa biro hakuna hata viti."

Basi nikaelewa yote. Viti vya Patrice. Kompyuta ya Patrice. Fanta ya Patrice, mishikaki ya mbuzi ya Patrice, na bakubwa ba serikali wanapangusa midomo halafu wanatia sahihi! Na kwa sababu bamama bote ba kando ya ziwa banatia ndagala ndani ya unga, Patrice akaandika: marufuku ndagala. Ilimutosha kufunga sisi bote.

"Na unga yetu mumeipeleka wapi?"

"Tumeichoma."

Alisema vile huku anakata tonge. Kumbukeni hiyo neno, bandugu. Tumeichoma.

Siku zikaenda. Mashini imefungwa. Suzanne hakuwa na namna, akamupa Divine unga ya Patrice, ile yenye imebaki sokoni. Mutoto akaanza kurudi nyuma. Miguu ikavimba tena. Nilipita kwao nikamukuta amelala kwenye mukeka, kuku zinapita karibu na yeye, mutoto hata hageuki kuzitazama.

"Dorothée," Suzanne akaniambia, "umwambie bwana yako aje amutazame huyu."

Nilimwambia. Alisema iko na mukutano.

Halafu ikaja sikukuu! Unga ya Patrice imepimwa kwa labo, maabara ya kule Bukavu, ikapita! Imepata certificat, cheti ya serikali! Eti hakuna unga yenye kujenga mwili kama ile katika eneo muzima!

Mimi nikashangaa. Mahindi na sukari? Inajenga nini?

"Utavaa hii," Norbert akanitupia kitenge. Kina picha ya pakiti ya Patrice, kifuani na matakoni. "Bibi ya chef lazima akae mbele."

Nikavaa. Ndiyo, nikavaa! Nilitaka nione kwa macho yangu uongo inavaa nguo gani.

Ilikuwa saa ya asubuhi, kwenye kiwanja ya Baraka. Mahema, muziki, viti vya plastiki. Mukubwa mumoja alitoka kwa province, kule jimboni, na miwani ya jua, hakuitoa hata wakati wa maombi. Norbert akasoma hotuba. Ushirikiano wa serikali na watengenezaji! Usalama wa chakula! Mutoto wa leo! Patrice anatingisha kichwa kwa kila neno, kwa sababu ni yeye aliandika.

Mbele yao, sufuria kubwa ya uji, moshi inapanda.

Halafu bakaita mama wa kupigwa picha.

Alikuwa Mukamazimpaka, tunamuita Mama Igihozo. Ni mama wa kule mulimani, familia ya bafugaji. Patrice alimuchagua kwa makusudi, ionekane ziwa na mulima banakunywa uji moja, mukubwa afurahi. Mwenyewe alikubali kwa sababu balimuapia: hii unga haina samaki. Kwa nyumba yao samaki haiingii mudomoni. Walikunywa maziwa tangu zamani, samaki ni ya bantu ba ziwa. Sheria imeandikwa, pakiti imeandikwa: BILA SAMAKI.

Akakaa na mutoto yake Igihozo kwenye magoti. Bakamupa kikombe. Mupiga picha akainama.

Na kama mama yeyote wa kwetu, akaonja yeye kwanza.

Aï!

Akatema! Mbele ya miwani ya mukubwa!

"Hii ni samaki!"

Muziki ikazimwa.

"Mama, tulia," Norbert akasema. "Hakuna samaki pale. Kunywa tu, picha—"

"Muniheshimu! Mimi sijui samaki? Sijawahi kuila, ndiyo maana harufu yake naijua! Nilikuja hapa na mutoto yangu, mukaniapia, sasa munamutilia samaki kwa nguvu?"

Mukubwa akachukua kikombe, akanusa.

"Mimi sisikii harufu yoyote."

Anasikia nini? Ametoka hapo kula ndagala na bugali kwa Patrice! Sisi bote ba hapa, tangu tuko batoto, ndagala iko ndani ya nguo, ndani ya nywele, ndani ya kitanda. Nani kati yetu atainusa? Patrice mutoto wa Swima, Norbert wa Lweba, wapishi bote ba Baraka. Ilihitaji mama mwenye hajala samaki maisha yake yote.

Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Sikumbuki niliamka saa gani. Nikaenda mpaka kwenye sufuria na ile kitenge ya upumbavu, nikachota, nikaonja.

Mungu wangu!

Soya imekaangwa mpaka karibu na kuungua, vile Suzanne anapenda. Ndagala, chumvi kidogo ya kuwakaushia. Ile ilikuwa kazi ya mikono yetu!

"Norbert!" Sikusema Papa Bienfait. Niliita jina yake mbele ya bantu. "Unga yangu yenye ulichoma iko wapi?"

Akaficha uso na karatasi ya hotuba yake.

Lakini Patrice, kwa hasira, akamugeukia na kupiga kelele:

"Si uliniambia samaki yao haisikiki!"

Eeeeh!

Kiwanja muzima tulisikia. Bamama bakaanza, "Wezi! Wezi!" Suzanne alipanda juu ya kiti cha mukubwa wa itifaki, anamuonyesha Patrice kidole, anataja miguu ya Divine. Patrice na Norbert bakaanza kulaumiana, yote ikatoka. Kumbe unga ya Patrice ilianguka kwa labo mara ya kwanza. Bakatia yetu ndani ya pakiti zake, bakapeleka hiyo. Ile chakula ya hatari ndiyo ilileta certificat! Na siku ya sikukuu bakapika yetu, ili bakubwa banywe kitu kizuri. Zile pakiti za kugawia batoto zilibaki na mahindi na sukari.

Sasa munangoja niwaambie Patrice alifungwa?

Mulizaliwa jana?

Mukubwa alisema maneno mawili kwa sikio ya Patrice, akaingia gari yake, akaenda. Juma yenye ilifuata, redio ikatangaza: kamati imekaa tena, kwa kiwanda ya Patrice, na baada ya kutafakari sana imeona samaki ni muzuri kwa batoto! Ndagala imeruhusiwa!

Muliona? Certificat ya Patrice iko na samaki ndani. Kuliko kuifuta, bakabadilisha sheria ifanane na wizi. Hawakukumbuka sisi hata kidogo. Lakini walipofungua mulango kwa ajili yake, na sisi tukapita.

Norbert mwenyewe alikuja Lweba kutoa kufuli. Uso ule ule, kalamu ile ile.

"Sheria imebadilika, madame," akasema.

Siku hiyo hiyo tukasaga mpaka mashini ikapata moto. Gunia ya kwanza ilienda kwa Suzanne. Divine anakunywa. Miguu imeanza kushuka, juzi aliitukana kuku. Mama Igihozo tulimutengenezea yake ya karanga, mashini imeoshwa kwanza, yeye mwenyewe anatazama.

Patrice alituma muntu, eti anataka tumusagie. Suzanne alimufuata huyo mujumbe na muiko ya uji mpaka barabarani.

Na jioni bwana yangu akarudi nyumbani, akakaa mezani.

Nikamuwekea kikombe.

"Ni nini hii?"

"Uji. Nimefungua pakiti ya Patrice, zile za kugawia batoto. Iko na certificat, sahihi ni yako. Kunywa."

Akanusa. Akanitazama. Munajua kwetu vile mwenye kukupa chakula anaonja kwanza, usifikiri amekutilia sumu.

"Onja kwanza," akasema.

"Hapana, chef. Wewe ndiye uliyeipitisha. Uonje wewe."

Akasukuma kikombe kando, akaomba bugali na ndagala.

Hakunywa, bandugu! Ile yenye alitaka Divine anywe, yeye hakutia hata ulimi!

Wazazi wenzangu, siku bakikuletea pakiti bakisema serikali imeshaipitisha, usihangaike kusoma karatasi. Muulize mwenye kutia sahihi kama anaweza kunywa kikombe moja mbele yako, halafu umutazame macho.

Kikombe ya Norbert sijaiondoa mezani. Bugali na ndagala atazipata siku ataimaliza.