Abiria wa Geti la Pili

Mwanamume aliyesimama kando ya geti la pili hakuwa akimtazama mtu yeyote usoni. Alitazama miguu. Kila jozi ya viatu ilipovuka mstari wa njano kuingia stesheni, dole gumba lake lilibonyeza mashine ndogo ya chuma aliyoifumbata kiganjani, nayo ikalia tik. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu walimiminika getini na vikapu, mikoba, watoto mgongoni na magazeti kwapani, na dole lile halikupumzika.

Karani wa tiketi wa dirisha la pili aliingia kazini. Tik. Akatoka kununua chai, akarudi na kikombe. Tik. Akagundua kwamba haina sukari, akatoka tena, akarudi. Tik. Safari hii alisimama mbele ya mwanamume huyo. Sare yake ya buluu ilikuwa imepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na raba zake nyeupe zilikuwa na kamba zisizofanana: moja nyeupe, nyingine ya kijani.

"Kaka, samahani. Hiyo mashine inahesabu nini?"

"Abiria, dada."

"Mimi si abiria. Ni karani. Na umenihesabu mara tatu."

"Mara mbili."

"Tatu. Kuja kazini, kuja na chai, kuja na sukari."

Mwanamume aliinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alikuwa na uso mpole na shati jeupe lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, kama mwanafunzi siku ya mtihani.

"Basi ile ya tatu niliibonyeza kwa moyo, si kwa dole."

"Moyo wako una kelele. Nimeusikia ukilia tik."

Alicheka hadi akapitwa na abiria sita. Tangu siku hiyo karani alimwita Bwana Dole, naye akamwita karani Dirisha, na majina hayo yakawakaa kama nguo zilizoshonwa kwa vipimo vyao.

Bwana Dole alikuwa mhandisi kijana katika mradi wa treni ya mwendokasi. Treni hiyo ingekwenda kutoka mji huu hadi mwisho wa reli kwa saa tatu, badala ya saa kumi na saba za treni ya sasa. Kabla serikali haijakopa fedha za kuijenga, ilitakiwa kuonyesha kwamba abiria wapo. Kazi ya kuwahesabu alikabidhiwa yeye.

Walikula pamoja mchana, kwenye benchi la jukwaa la kwanza. Wakashikana mikono, wakabishana, wakashikana tena.

"Hivi unaamini kabisa kwamba nchi hii inahitaji treni inayokimbia kama imeiba?" karani alimuuliza siku moja.

"Naamini, mpenzi. Mama yangu anaishi mwisho wa reli. Baba alipofariki, nilipanda treni hii ya saa kumi na saba. Treni ikaharibika njiani, zikawa ishirini na sita. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumzika. Nilikuta koleo zimeegeshwa ukutani, zimeoshwa."

Karani akamfuta kijasho kipajini kwa ncha ya kitambaa chake.

"Pole, Dole wangu. Lakini na mimi nikuambie langu. Mama yangu anafua mashuka ya hospitali iliyo kituo cha nne. Kila asubuhi anapanda treni hii mbovu, paa linavuja, anasimama na mwavuli ndani ya behewa. Treni yako itapita kituo cha nne kama upepo. Yeye itamwachia nini? Vumbi?"

"Treni hizi mbili zinaweza kuwapo pamoja."

"Nani kasema? Njia iko moja. Wakianza kujenga, yetu ndiyo itakayong'olewa."

Karani akamshika mkono, akampandisha ngazi za daraja la waenda kwa miguu linalokatiza juu ya reli.

"Tazama chini. Tazama hao abiria wako."

Bwana Dole alitazama. Watu waliingia kwa geti la pili, wakavuka jukwaa bila hata kugeuka upande wa treni, wakapanda ngazi na kuwapita wao wawili kwa haraka. Upande wa pili wa daraja kulikuwa na soko. Mbele ya soko kulikuwa na zahanati. Mji mzima ulitumia stesheni kama njia ya mkato, kwa sababu njia nyingine ya kufika sokoni ilizunguka ukuta wa kiwanda. Wenyeji walilijua hilo tangu utotoni. Mgeni mwenye mashine hakuambiwa na mtu.

"Mungu wangu," alisema. "Nimehesabu soko zima."

"Na wagonjwa. Na mimi na sukari yangu."

Hakucheka. Siku iliyofuata alimwomba mkuu wa stesheni ruhusa, akakaa siku nane nyuma ya dirisha la pili, akihesabu vishina vya tiketi kimoja kimoja, goti lake likigusa goti la karani chini ya meza. Geti lilikuwa limempa watu elfu arobaini na moja kwa siku. Vishina vya madirisha yote vilimpa elfu tisa. Kati ya hao, waliokwenda hadi mwisho wa reli walikuwa mia tatu na kumi na wawili.

"Utaandika namba ipi?" karani aliuliza.

"Zote, na nitaeleza kwa nini ya geti ni batili. Nakuahidi, Dirisha. Namba yako ndiyo itakayosimama."

Alimbusu kwenye paji la uso, harakaharaka, kwa sababu mteja alikuwa amekwisha kugonga kioo.

Mwezi mmoja ukapita. Mchana mmoja, redio ya ofisi ya tiketi ilimleta mheshimiwa waziri. Sauti yake ilikuwa nene na yenye furaha. Wataalamu wetu, alisema, wamethibitisha kwamba abiria elfu arobaini na moja huingia katika stesheni kuu kila siku. Wananchi wanalilia treni ya mwendokasi. Treni ya zamani itasimamishwa mwishoni mwa mwaka ili kupisha ujenzi.

Karani alikuwa ameshika muhuri. Aliuweka mezani taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuurusha. Kisha akapiga simu.

"Dirisha wangu! Nilikuwa tu nataka—"

"Elfu arobaini na moja?"

Upande wa pili wa simu, mlango ulifungwa taratibu.

"Nimekuuliza. Elfu arobaini na moja?"

"Mpenzi, nisikilize. Nilichoandika mimi na kilichosomwa—"

"Usiniite mpenzi. Niite abiria. Si ndivyo ulivyoniandika? Siku nane umekaa kwenye kiti changu! Mama yangu amekuandalia chai kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni, na wewe unakwenda kumhesabia soko ili umnyang'anye treni?"

"Siwezi kueleza haya nikiwa ofisini. Wakubwa wapo hapa."

"Basi bakieni wote huko."

Alikata. Simu ikaita mara nne, akaiacha iite. Ujumbe ukaja, akaufuta bila kuusoma. Alasiri yote aligonga muhuri kwa nguvu kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa akinunua tiketi alimuuliza kwa upole tiketi yake imemkosea nini.

Nyumbani, mama yake alimsikiliza huku akipaka mafuta mikono yake mikavu.

"Umemuuliza, akajibuje?"

"Nilikata simu."

"Basi hujamuuliza, umemfokea. Mwanangu, kuna kikao cha wananchi Jumamosi. Nenda ukamuulize unamtazama. Mimi nilimwamini baba yako kwa barua tu, na unaona alivyotuacha."

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari. Viti vya plastiki vilijaa, na waliokosa viti walisimama wameegemea madirisha. Mbele kulikuwa na pazia jeupe lenye picha ya treni nyeupe, yenye pua ndefu, ikipita katikati ya nyasi zisizo na mtu hata mmoja. Mkurugenzi wa mradi alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kama vioo. Kwenye ncha ya meza alikaa Bwana Dole, amefunga tai. Alikuwa amekonda.

Mkurugenzi alizungumza kwa nusu saa. Fahari ya taifa. Majirani watatuonea wivu. Anayepinga anapinga maendeleo. Kila sentensi ilimpanda karani kichwani. Aliwatazama watu waliomzunguka, wenye viatu vilivyoliwa visigino, ambao wangelipa deni la treni hiyo hadi kwa wajukuu, na wakati huo hapakuwa na mtu wa kuwazibia paa la behewa.

Maswali yaliporuhusiwa, alisimama.

"Mimi ni karani wa dirisha la pili. Swali langu ni la mtaalamu aliyehesabu." Alimwelekezea kidole Bwana Dole. "Katika hao elfu arobaini na moja, mimi nimo mara ngapi?"

Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi naye alitabasamu. "Dada, hilo si swali la kitaalamu. Tuendelee."

"Ni la kitaalamu," alisema Bwana Dole.

Alisimama. Kipaza sauti kilikuwa mbali naye, lakini alipaza sauti hadi waliosimama madirishani wakamsikia.

"Mara tatu. Saa kumi na mbili na nusu, siku ya kwanza. Raba nyeupe, kamba moja ya kijani. Na huenda mara nne, kwa sababu baadaye nilianza kumtazama yeye nikasahau kuhesabu."

Kicheko kilikuwa kidogo safari hii, kikafa upesi.

"Elfu arobaini na moja ni watu wanaopita getini kwenda sokoni na zahanati. Wanaokata tiketi ni elfu tisa. Wanaofika mwisho wa reli ni mia tatu na kumi na wawili. Niliyaandika hayo katika ukurasa wa sitini na nne. Ukurasa huo uliondolewa."

"Kaa chini," mkurugenzi alinong'ona, na kipaza sauti kikaunong'oneza ukumbi mzima.

"Nilijua umeondolewa wiki tatu kabla ya waziri kuzungumza. Niliambiwa nikinyamaza nitapandishwa cheo. Nikanyamaza." Akalegeza tai. "Mimi naitaka treni hii kuliko wengi humu. Ningeipata mapema, ningemzika baba yangu. Lakini siwezi kumwambia mtu akope fedha kwa ajili ya abiria wanaokwenda sokoni kwa miguu."

Ndipo mama wa karani aliposimama, mwembamba, kilemba kimefungwa barabara.

"Bwana mkurugenzi, treni yako itasimama kituo cha nne?"

"Mama, treni ya mwendokasi haiwezi kusimama kila mahali."

"Sikuuliza kila mahali. Nimeuliza kituo cha nne. Wagonjwa wanalalia mashuka ninayofua mimi. Nisipofika, walalie picha hiyo?"

Ukumbi ukalipuka. Wengine walipiga viti, wengine walipiga makofi, na mwanamke mmoja karibu na mlango alirudia neno moja tu: "Ukurasa! Warudishe ukurasa!" Mkurugenzi aliondoka kwa mlango wa nyuma. Kabla ya kuondoka alimvua Bwana Dole kitambulisho shingoni, mbele ya watu, kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo si kwamba haki ilipatikana. Iliundwa kamati. Kamati iliagiza abiria wahesabiwe upya, na treni ya zamani iendelee hadi hesabu hiyo itakapokwisha. Paa la behewa liliendelea kuvuja. Mheshimiwa waziri hakuomba radhi kwa mtu yeyote. Alisema tu kwamba takwimu zilieleweka vibaya. Karani aliisikia kauli hiyo redioni akaizima redio kwa kofi.

Siku ya kumi na moja baada ya kikao, mtu aliinama mbele ya dirisha la pili. Shati lake lilikuwa jeupe, ila kifungo cha juu kilikuwa wazi.

"Habari za kazi, Dirisha."

"Nzuri. Sema unakwenda wapi, kuna foleni."

"Bado umekasirika."

"Umesema ukweli siku moja, umenyamaza wiki tatu. Nikikusamehe kwa siku moja, hizo wiki tatu nani atazibeba?"

"Mimi. Ndiyo maana nimekuja. Naomba tiketi mbili, hadi mwisho wa reli, kwenda na kurudi."

"Mbili? Abiria wa pili yuko wapi?"

"Yuko ndani ya dirisha, amevaa sare ya buluu. Nataka nimpeleke kwa mama yangu, nimwambie huyu ndiye. Kama atakubali kuwa mke wangu."

Karani alitazama kioo kilichokuwa kati yao, kilichochakaa kwa alama za vidole vya wateja wa kila siku. Machozi yalimjaa, naye akakasirika zaidi kwa sababu yalimjaa.

"Huna kazi."

"Fundi wa mabehewa ananihitaji. Kuna mapaa ya kuziba."

"Na safari yenyewe ni saa kumi na saba."

"Zinakutosha kunigombeza."

"Hazinitoshi hata kidogo."

"Dada!" mtu alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Mkubalie au mkatalie, sisi treni inatuacha!"

"Haijawahi kumwacha mtu," karani alimjibu, "hata siku moja haijaondoka kwa wakati."

Foleni ilicheka. Yeye alivuta kitabu cha tiketi, akalamba ncha ya kidole, akachana.

"Umekosea hesabu tena, Bwana Dole."

"Nimekosea wapi?"

"Si wawili, ni watatu. Mama yangu hajawahi kupita kituo cha nne maisha yake yote. Anataka kuona hiyo reli inaishia wapi, na anataka kumtazama mkwewe njia nzima."

Akainua muhuri, akagonga mara tatu.