Namba Iliyokuwa Kichwani

Ndugu zangu, ipo nyumba moja ambayo asubuhi yake huanza kwa kicheko. Mume ni fundi wa vyombo vya umeme, na watu humwita Fundi Feni. Mke ni mshonaji, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni. Siku hiyo walikuwa wakinywa chai, simu ya mume ikalia mezani. Mke akasoma jina kwenye kioo: Friji Linavuja.

"Huyu mtu hana jina?" akauliza.

"Jina la nini, mama watoto? Nikiona Friji Linavuja najua niende na nini mkononi."

Mke akaipekua simu. Akamkuta Pasi Inapiga Shoti, akamkuta Feni Inakohoa, na wengine wengi wa ukoo huo. Yeye mwenyewe hakujiona. Akataka kujua yeye kaandikwa wapi.

"Wewe uko hapa," mume akasema, akijigonga kichwa kwa kidole. "Simu huibiwa. Kichwa hakiibiwi."

Neno tamu hilo, na mke alilipokea kwa tabasamu. Nani angelikataa? Akamfungia mume chakula, mume akaenda zake kwenye karakana mpya aliyohamia majuzi tu.

Ni kweli kichwa hakiibiwi, ila huanguka. Mchana Fundi Feni alikuwa akilisogeza lile friji linalovuja, lililoletwa karakanani, akayakanyaga maji yake, akateleza. Kichwa kikagonga sakafu, na bati la nyuma ya friji likamchana paja. Majirani wa karakana wakamkimbiza hospitali akiwa hajitambui. Walimjua kwa jina la Fundi Feni tu. Kwake hakuna aliyekujua.

Yaliyofuata mke alikuja kusimuliwa na muuguzi, nami nawapa kama alivyoyapata. Daktari alisema jeraha ni chafu, mgonjwa anahitaji sindano ya kuzuia maambukizi, na haifai kungoja sana. Muuguzi akauliza kama ipo dawa inayomdhuru mgonjwa huyu. Hakuna aliyejua. Basi akaichukua simu ya fundi, ambayo kwa bahati haikuwa imefungwa, maana vidole vya grisi na namba za siri havipatani. Akatafuta Mke, hakuna. Akatafuta Mama, hakuna. Nyumbani, hakuna. Ikabidi ampigie Friji Linavuja.

Huyo alikuwa mwalimu mstaafu, naye alianza kwa kulalamikia maziwa yake yaliyoharibika. Alipoelewa alisikitika sana, lakini kwa fundi hakukujua. Pasi Inapiga Shoti alijua tu kwamba fundi ana mke, tena anampenda. Feni Inakohoa aliangua kilio, akauliza ni hospitali gani. Watu wema wote hao, na hakuna aliyekuwa na msaada.

Daktari akasema hawezi kungoja tena, sindano iandaliwe. Muuguzi akaiandaa, jicho lake likiwa bado kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Ilikuwapo namba tupu, haina jina, naye alikuwa akiiruka kwa sababu hiyo hiyo. Sasa akaona kwamba ilipigiwa kila siku wakati wa chakula cha mchana.

"Huyu si mteja," akamwambia daktari. "Huyu anashukuriwa chakula."

Mke alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano ya cherehani simu yake ilipolia. Akaitika kwa furaha, "Leo umechelewa, baba watoto."

"Samahani, dada, mimi ni muuguzi. Mumeo ameanguka, yuko hospitali, anapumua vizuri. Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Mke akauachia uzi, akajibu papo hapo. "Penisilini. Tafadhali msimchome penisilini. Aliwahi kuchomwa akavimba koo, nusura tumzike."

Muuguzi akaitazama sindano kwenye trei. Ilikuwa ni hiyo hiyo. Akaiondoa, na daktari akaandika dawa nyingine.

Jioni fundi alipofumbua macho, kitanda kilikuwa kimezungukwa. Mwalimu mstaafu alikuwa akimwamkua mke wa fundi kwa heshima zote: "Mimi ndiye Friji Linavuja, mama." Wodi nzima ikacheka. Mke naye alicheka, kisha akamwinamia mumewe.

"Haya, nitajie namba yangu."

Fundi akafikiri, akakunja uso, akafikiri tena. "Inaanza na sifuri," akasema.

Mke akacheka huku machozi yakimtoka. Mumewe alikuwa ameponea tundu la sindano, na sasa alikuwa naye. Akaichukua simu, akaandika mwenyewe: Dharura, Mke Wangu. Chini yake akaongeza: Asichomwe penisilini.

FUNZO

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu. Mtu wako wa karibu usimweke moyoni na kichwani tu. Mwandike kwenye simu kwa jina ambalo hata mgeni atalielewa, pamoja na dawa inayokudhuru. Kama simu yako ina namba ya siri, weka maelezo hayo mahali yanaposomeka bila kuifungua. Fanya leo, ungali unaikumbuka namba yenyewe. Fundi Feni amepona, na wateja wake bado wameandikwa vilevile. Ila siku hizi mkewe anatangulia juu ya mafriji yote.