Utando wa Fosforasi Nyeusi

"Usimkamate. Mwache afike kwa mnunuzi."

Sauti ya Mkuu wake wa ujasusi ilikwaruza ndani ya kidude kilichojificha sikioni mwa Sindano. Mbele yake, shemeji alikuwa akishuka ngazi za stesheni mbiombio, mkoba kaukumbatia kama mtoto mchanga.

Hakuwa shemeji yake wa kweli. Alikuwa mume wa Daktari, mwanamke mtafiti aliyempokea Sindano maabara akidhani ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, akamwita mdogo wangu, akamkaribisha mezani kwake. Na Sindano alijua kitambo kwamba mume huyo ataiba. Neno moja tu kwa Daktari lingetosha. Lakini aliagizwa anyamaze, ili mnunuzi wa kigeni ajitokeze.

Akanyamaza.

Mkobani mle mlikuwa na kiboksi cha chuma kilichojazwa gesi ya naitrojeni, na ndani yake utando wa fosforasi nyeusi, mwembamba hivi kwamba unywele ukilazwa kando yake utaonekana gogo. Ulikuwa jicho. Uliona joto la mwili, ile mionzi ya infraredi ambayo macho yetu hayaipati, tena bila mtambo wa kuupoza. Daktari aliuhangaikia kwa miaka ili wazimamoto waone watu ndani ya moshi. Mnunuzi alitaka kuutia kwenye makombora.

Kasoro yake ni moja: hauvumilii hewa. Ukipata unyevu, umekwisha. Ndiyo maana maabara nzima waliushughulikia kwa glavu ndefu za mpira zilizoingia ndani ya kabati la kioo, na walitaniana kwamba mwenye mafua asisogelee hata mlango.

Shemeji akafika jukwaa la mwisho. Treni ilisimama, milango wazi. Mwanamume mwenye koti la kijivu akanyoosha mkono.

Kiboksi kikabadili mikono.

"Sasa," Mkuu akasema.

Sindano akaruka. Kiwiko chake kikamkuta mnunuzi chini ya mbavu. Kiboksi kikadondoka, akakidaka. Alipoinua macho, mdomo wa bastola ya Glock ulikuwa unamtazama.

"Nipe," mnunuzi akasema, taratibu kabisa.

Maafisa wenzake Sindano walikuwa bado ngazini. Honi ya treni ikalia.

Shemeji ndiye aliyeelewa kwanza Sindano anachotaka kufanya.

"Usifungue, mdogo wetu. Hiyo ni roho yake."

"Wewe ndiye uliyeitoa kwake, shemeji."

Sindano naye alijua, na aliiacha itoke.

Akafungua kifuniko. Akalamba kidole gumba, akakipitisha juu ya utando mara moja, kama mtu anayefuta wino.

Mnunuzi hakuwa na cha kupigania tena. Akageuka kuikimbilia treni. Milango ikajifunga puani mwake, na maafisa wakamlaza kifudifudi. Shemeji hakukimbia. Alikaa sakafuni, akanyoosha mikono afungwe.

"Kazi safi," Mkuu akasema. "Vunja laini ya simu. Maabara usirudi."

Hajaitoa, simu ikaita. Daktari.

"Mdogo wangu, uko wapi? Wameiba utando wangu." Sauti ilikuwa imelia hadi ikakauka. "Walinzi wanakutaja wewe, eti leo hujafika. Nimewaambia wakome. Huyu hata chumvi mezani kwangu huomba kwanza."

"Asante, dada," Sindano akasema.

"Tutaanza upya, mimi na wewe. Ila shemeji yako simpati. Ukimwona mwambie aje, leo namhitaji."

Shemeji alikuwa akipitishwa hapo hapo, pingu mikononi. Aliisikia sauti ya mkewe. Akamtazama Sindano, akatikisa kichwa akimsihi asiseme.

"Nitamwambia, dada."

Akakata. Akaitoa laini, akaivunja, akavaa miwani ya jua na kupanda ngazi polepole, kama abiria aliyekosa treni na hana tena haraka. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hata kulia alilia kama walivyomfundisha: bila sauti, bila kupunguza mwendo.