Kadi ya Picha na Sindano ya Ganzi

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya Majengo, Khairat alikuwa ameshafagia mbele ya duka la baba yake, ameshatoa nje viti na feni, na ameshapangusa vumbi lililoingia usiku. Vumbi la Dodoma halibishi hodi. Ukilifungia mlango, litapita dirishani.

Watu waliliita duka hilo "duka la uhamisho". Mtumishi wa serikali akihamishiwa mkoa mwingine hawezi kubeba kila kitu. Huuza kabati, jokofu na meza, na Mzee Abdulswamadu, baba yake Khairat, huvinunua. Baada ya muda huja mtumishi mwingine, aliyehamia Dodoma na sanduku la nguo tu, akaanza maisha kwa vitu vilevile. Kulikuwa na jokofu moja jeupe ambalo Baba alikuwa ameliuza mara tatu. Kila liliporudi lilikuwa na stika mpya mlangoni, naye alilikaribisha kama shemeji.

Khairat alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa amemaliza darasa la saba, anasubiri matokeo. Kwa kukaa dukani alijifunza kanuni ya baba yake: ukitaka kujua bei ya haki ya kitu kilichotumika, pita maduka matatu kama mnunuzi, kisha siku nyingine pita kama muuzaji. Bei ya haki iko hapo katikati.

"Anayejua upande mmoja wa meza hajui bei," Baba alipenda kusema. "Anajua njaa yake tu."

Kwa kanuni hiyo Khairat alikuwa anajitengenezea kompyuta ya kuchezea michezo. Kasha lake aliling'ang'ania kwa fundi Optatus mpaka fundi akachoka kucheka. Vingine alivipata kimoja kimoja, kwa pesa za Idi na za ubuyu aliouza shuleni. Kila kifaa alitaka kukiona kikiwaka kwanza, akasikiliza feni zake, akatazama skrubu kama zimechubuka kwa kufunguliwa ovyo. Kilichobaki ni kadi ya picha, kifaa kinachofanya michezo itembee bila kukwama. Hicho ndicho ghali kuliko vyote. Bila hicho kompyuta iliwaka, lakini mchezo wa mpira ulikuwa unajikokota.

"Mshambuliaji wako akipiga leo," alisema Anthony, jirani yao waliyelingana umri, "goli tutaliona kesho."

Khairat alikuwa anajua bei ya kadi aliyoitaka. Madukani waliiuza laki tatu. Ukiwapelekea wewe, walinunua laki mbili. Alikuwa na elfu hamsini.

Alhamisi moja Baba alimpeleka hospitali kung'oa gego lililokuwa likimsumbua tangu Ramadhani. Daktari alimpiga sindano ya ganzi, na jino likatoka yeye akisikia mlio tu, kama msumari unaong'olewa kwenye ubao wa mtu mwingine. Kutoka hapo wakapitiliza na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, hadi Ilazo, kwenye nyumba iliyokuwa inauza vitu vya ndani. Nusu ya mdomo wa Khairat ilikuwa imekufa. Mate yalimtoka asijue.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mfanyakazi wa ofisi, jina lake Mama Geofrey. Yeye hakuwa na uhamisho. Mwanawe wa pekee, Geofrey, alifariki wakati wa kiangazi akiwa kidato cha tano, na nyumba ikawa kubwa mno. Alikuwa anakwenda kukaa na dada yake Chamwino. Aliwaeleza hayo taratibu, bila kilio, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Baba alitaja bei ya jokofu. Mama Geofrey akasema, "Sawa." Akataja ya kabati. "Sawa." Baba akamtazama. Kisha akafanya jambo ambalo Khairat hakuwahi kuliona maishani: akapandisha bei ya jokofu yeye mwenyewe, halafu na ya kabati. Mama Geofrey akasema tena, "Sawa," kwa sauti ileile.

Baba alipotoka kwenda kusimamia upakiaji, alimwambia Khairat ashughulike na kompyuta iliyokuwa mezani chumbani kwa Geofrey, kwani hayo mambo yeye hayajui. Mama Geofrey alisimama mlangoni, hakuingia.

"Baba yako anasema wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Kompyuta yenyewe nitampa mtoto wa dada yangu, ya kuandikia. Ila nasikia ndani kuna kitu cha michezo, yeye hakihitaji. Ni cha bei gani, mwanangu?"

Khairat alifungua ubavu wa kasha. Kadi ilikuwa ileile aliyoitafuta, ya feni mbili. Haikuwa na chembe ya vumbi, katika mji huu wa vumbi. Alijua bei za pande zote mbili za meza. Akamtazama yule mama, akaona kwamba angekubali chochote.

"Ni ya zamani," alisema. "Elfu arobaini."

Maneno yalipita kwenye mdomo uliokufa, na hakuyasikia yalipokuwa yanatoka.

"Sawa," alisema Mama Geofrey. Akauangalia uvimbe wa shavu lake. "Umeng'oa jino? Pole." Akaenda jikoni, akarudi na chumvi kwenye karatasi, akamwelekeza asukutue kwa maji ya vuguvugu kuanzia kesho, si leo. Juu ya chumvi aliweka kidude cha Geofrey cha kuchezea michezo kwa mikono miwili. "Hiki siuzi. Chukua tu."

Ndani ya kirikuu Baba aliuliza swali moja. "Mmepatana?"

"Tumepatana," alijibu Khairat.

Jioni ile Anthony alikuja kushuhudia. Kadi ilipochomekwa na kompyuta kuwashwa, mchezo ulitiririka kama maji ya bomba. Majani ya uwanja yalionekana moja moja. Anthony alipoambiwa bei, alishika kichwa.

"Wewe umeokota embe dodo chini ya mwarobaini," alisema. "Huyo mama ana nyingine?"

Khairat hakucheka. Alingoja furaha ifike. Alifunga goli, akafunga la pili, akangoja. Ganzi ya sindano iliisha wakati wa magharibi. Jino likauma, akala dawa, likatulia. Lakini ilikuwepo ganzi nyingine ambayo haikuisha. Siku zilizofuata alifagia, akala, akacheza, akashinda, kila Jumamosi akaipangusa kadi, na vyote vilikuwa na ladha moja, kama ugali wa jana. Anthony alianza kumwita Jokofu.

Wiki mbili baadaye Mama Geofrey aliingia dukani. Alikuwa na mwenzake wa ofisini aitwaye Evelina, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Khairat aliwaamkia, wakaitikia. Baba alileta viti.

Evelina alieleza kwamba mdogo wake amekwenda kusoma ughaibuni na ameacha vifaa vya kompyuta. Amepita madukani, kila mmoja anamwona yeye ni shamba la bibi. "Mwenzangu akaniambia, twende kwa binti mmoja Majengo. Mdogo, lakini mkweli. Hatakuzungusha."

Akafungua mfuko wake, akaiweka mezani. Kadi ya picha, ya feni mbili. Aina ileile. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa imejaa vumbi, na skrubu zake mbili zilikuwa zimechubuka.

"Haya mwanangu," alisema Mama Geofrey. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Khairat aliishika ile kadi. Akisema elfu arobaini, atamdhulumu na huyu, na mama aliyemletea atakuwa ameshiriki bila kujua. Akisema bei ya kweli, uongo wake wa Ilazo utajulikana. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye pengo la gego. Baba alikuwa anamtazama, hana habari.

"Dukani wataiuza laki tatu," alisema Khairat, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wakinunua kwako, wasikupe chini ya laki mbili. Bei ya haki ni laki mbili na nusu. Punguza kidogo kwa sababu ya hizi skrubu."

Evelina alipiga kofi moja la ushindi na kusema alijua tu. Lakini Mama Geofrey alikuwa ameinamisha kichwa, anaitazama ile kadi.

"Ya Geofrey ilikuwa mbovu kuliko hii?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ilikuwa nzima kuliko hii."

Evelina akavuta kiti chake karibu na mwenzake.

"Siku ile," alisema Mama Geofrey, "ungeniambia elfu moja, ningekwambia sawa. Nilikuwa sisikii kitu."

"Niliona," alisema Khairat. "Ndiyo maana nikataja ndogo."

Hapo uso wa Mama Geofrey ulibadilika. Ulikuwa umelala kama uso wa maji bwawani, sasa ukajikunja, na Khairat akaona kwamba mama yule amekasirika.

"Pesa ni pesa," alisema. "Lakini uliniambia ni ya zamani. Mwanangu alifuga kuku miaka miwili kwa ajili ya kitu kile. Kila Jumamosi alikipangusa kwa brashi, hata alipokuwa anaumwa. Na mimi nikaenda nyumbani nikijiambia, kumbe mwanangu aliuziwa takataka, maskini, hakujua."

Kisha akalia. Evelina alimshika bega. Khairat alisimama palepale, mikono imening'inia, na kitu kilianza kumchoma kifuani, kidogo kidogo, kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka.

Baba hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Nenda ukailete."

Khairat alikwenda nyumbani, akafungua skrubu, akaichomoa kadi, akaifunga kwenye kitambaa safi. Kasha likabaki na pengo. Aliporudi aliiweka mikononi mwa Mama Geofrey na kumwomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga njiani, na yote yakatoka yamechanganyika. Mama Geofrey aliisogeza kwenye mwanga. Aliifunua, akaipitishia kidole. Hakikupata vumbi.

"Umeipangusa," alisema.

"Kila Jumamosi," alijibu Khairat.

Wakakaa, na safari hii wakapatana kweli. Mama Geofrey aliuliza kila kitu, tena alibisha. Hakutaka kuipeleka Chamwino ikakae kabatini. Alitaka iende kwa mtu atakayeitumia. Khairat hakuwa na uwezo wa kuinunua kwa bei ya haki, na Baba hakusema atamwongezea. Kadi ikawekwa kwenye kabati la kioo la duka, na Khairat ndiye aliyepewa kazi ya kuiuza.

Wanunuzi wawili walikuja wakaiponda. Wa tatu, Paulina, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Khairat alimwonyesha ikifanya kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe, akamweleza ilitunzwa na nani na vipi, na akamtajia bei za pande zote mbili. Paulina akatoa laki mbili na nusu bila kulalamika. Mama Geofrey alipofuata pesa zake, alimrudishia Khairat elfu arobaini zake, akakataa kuchukua kile kidude cha mikono miwili.

"Kile sikukuuzia," alisema. "Nilikupa. Lile jino limepona?"

"Limeanza kupona, mama."

Walipokuwa wanafunga duka, Khairat alimuuliza baba yake kwa nini siku ile Ilazo alipandisha bei mwenyewe. Baba alimalizia kuingiza kiti cha mwisho kwanza.

"Kupatana ni kwa watu wawili," alisema. "Siku ile yule mama hakuwepo, alikuwa amesimama tu pale. Mtu akikosa nguvu ya kutetea bei yake, wewe unayeijua unamtetea. Hapo ndipo elimu ya bei inapopimwa. Kwa mtu mjanja kila mmoja ni mwaminifu, maana hana njia nyingine."

Akafunga kufuli, akaitikisa kuhakikisha.

"Daktari alikupiga ganzi ili asikuumize. Wewe ulijipiga ganzi ili umuumize mwenzako, usisikie. Ya daktari huisha yenyewe jioni, Khairat. Hii yako haiishi mpaka useme kweli, na inapoisha inauma. Ikikuuma, usiikimbie. Ndiyo dalili kwamba bado u mzima."

Nyumbani mama yake alikuwa amechemsha chai ya tangawizi. Khairat alijisahau akainywea upande wa gego, na chai ikalipata pengo. Iliuma sana. Akaweka kikombe chini, akapumua, kisha akanywa tena.